Uzee unaanzia miguuni: niliyojifunza baada ya mama yangu kuanguka (uzi mrefu)

Mleta uzi:

Wakuu, habari za muda huu.

Huu uzi nimeuahirisha karibu mwaka mzima. Leo nimeamua kuuandika kwa sababu kila nikikaa na watu wa rika langu, miaka hamsini na kitu, nasikia neno lile lile: umri umeenda. Magoti yanauma, umri umeenda. Pumzi inakata ghorofa ya pili, umri umeenda. Na mimi nilikuwa nalisema. Sasa nina miaka 54, na miaka mitatu iliyopita nilikuwa nimeshakubali kwamba kazi iliyobaki ni kuzeeka tu.

Kilichonifumbua macho ni mama yangu mzazi. Alianguka bafuni akiwa na miaka 71. Sakafu ilikuwa kavu, hakuteleza. Alikuwa anageuka kuchukua taulo. Mguu mmoja ukabaki nyuma, mwili ukatangulia, mkono ukatafuta pa kushika ukakosa. Nyonga ikavunjika. Upasuaji ulikwenda vizuri, mfupa ukaunga. Kilichotutesa ni zile wiki za kitandani. Mama ambaye mwezi mmoja nyuma alikuwa anapanda ngazi na mzigo mkononi, nilipomsaidia kuvaa gauni niliona mapaja yake yamekonda, ngozi inaning'inia kama nguo ya mtu mwingine.

Mtaalamu wa mazoezi tiba alipokuja siku ya kwanza nilidhani ataanza kumkanda mguu. Hakufanya hivyo. Alivuta kiti, akaketi mbele yake, akasema, "Mama, simama bila kutumia mikono." Mama akajaribu mara tatu, hakuinuka hata kidogo. Machozi yakamlengalenga. Yule mtaalamu akanigeukia mimi: "Na wewe kaka, hebu simama." Nikasimama. Akatabasamu, akaniambia mkono wangu umetangulia kusimama kabla ya miguu. Kweli, nilikuwa nimejisukuma kwa kiganja juu ya goti bila kujua. Nilikuwa na miaka 51.

Nilikwenda nyumbani nikaanza kujichunguza. Nikitoka kwenye kochi, mkono. Nikitoka kwenye gari, nashika mlango. Kuchuchumaa kufunga kamba za viatu nilikuwa nimeshaacha, naweka mguu juu ya kiti. Hakuna siku niliyoamua kuacha kutumia miguu yangu. Niliiacha kidogo kidogo, na kila nilipoiacha, mwili ukaniamini kwamba siihitaji.

Ndiyo maana naandika. Sehemu kubwa ya tunachokiita uzee ni mwili uliosahauliwa, na unasahauliwa kuanzia miguuni.

Mleta uzi (inaendelea):

Twende kwenye elimu yenyewe, halafu nitajibu maswali.

Kuanzia miaka ya thelathini na kitu, mwili huanza kupoteza misuli. Makadirio yanayotumika sana ni asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka 10, na ukishavuka 60 kasi inaongezeka. Nguvu hupungua haraka zaidi kuliko nyama yenyewe, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na uzito ule ule wa zamani, suruali ile ile, kumbe ndani misuli imeondoka na mafuta yamechukua nafasi. Mwaka 1989 mtafiti Irwin Rosenberg aliipa hali hii jina la sakopenia, kutoka maneno mawili ya Kigiriki: nyama, na umaskini. Umaskini wa nyama. Nilipolisoma nikakumbuka mapaja ya mama.

Misuli si ya kujionyesha. Ndiyo ghala linalopokea sehemu kubwa ya sukari unayokula, kwa hiyo ikipungua, sukari inabaki inazurura kwenye damu. Ndiyo inayovuta mifupa na kuilazimisha ibaki migumu. Ndiyo inayokudaka ukijikwaa. Na ukiugua sana, mwili huchota protini humo humo ili kupambana. Anayeingia kitandani akiwa na akiba ndogo hutoka akiwa hana kitu.

Kuna jaribio moja lililonikosesha usingizi. Mwaka 1966, huko Dallas nchini Marekani, vijana watano wenye afya njema, wenye umri wa miaka 20 hivi, walilazwa kitandani wiki tatu mfululizo bila kutembea. Kisha wakapimwa uwezo wa moyo na mapafu. Miaka 30 baadaye watu wale wale watano walitafutwa, sasa wana miaka 50, wakapimwa tena. Ikaonekana kwamba wiki tatu za kulala ziliwapunguzia uwezo kuliko miaka 30 ya kuishi. Rudia kuisoma hiyo sentensi. Halafu watafiti wakawapa mazoezi ya miezi sita, ya kawaida tu, wakapanda taratibu, na uwezo waliokuwa wamepoteza kwa miaka 30 ukarudi.

Sasa mtu atasema, hao walikuwa na miaka 50, bado vijana. Sawa. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya wazee kumi wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye miaka kati ya 86 na 96, wadhaifu, wenye magonjwa yao. Waliwapa mazoezi ya kusukuma uzito kwa miguu, mara tatu kwa wiki, wiki nane. Tisa walimaliza. Nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili wakaweka mikongojo pembeni.

Mtu wa miaka 90, wiki nane. Mimi na miaka yangu 51 nilikuwa nasema umri umeenda.

Mpita_Njia:

Mkuu umeandika vizuri, nimekusoma mpaka mwisho. Lakini hapa kuna mtu anatoka nyumbani alfajiri anarudi usiku. Hayo mazoezi ya vyuma muda utatoka wapi? Na je, kutembea tu hakutoshi?

Mleta uzi:

Mkuu Mpita_Njia, swali zuri. Nianze na kutembea.

Kutembea ni dawa na wala sikupuuzi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Wastani maana yake unaweza kuongea na mwenzako lakini kuimba huwezi. Ukigawanya ni kama nusu saa kwa siku, siku tano. Na ushahidi wa zamani upo: mwaka 1953 Jerry Morris alilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Kazi ni moja, basi ni moja, lakini dereva amekaa kutwa na kondakta anapanda na kushuka ngazi kutwa. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva.

Ila kutembea kwenye tambarare peke yake hakuzuii miguu kupoteza nguvu. Ndiyo maana mwongozo huo huo unasema pia uimarishe misuli angalau siku mbili kwa wiki, na ukifika 65 uongeze mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba angalau siku tatu. Hiki kipande cha pili ndicho watu wengi hawakisikii kabisa.

Muda: mimi natumia kiti cha kulia chakula. Nakaa nusu ya mbele ya kiti, nyayo zote chini, upana wa nyonga, visigino vimerudi nyuma kidogo ya magoti. Mikono naikunja kifuani. Nainamisha kifua mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo nasukuma sakafu. Kushuka ndiko kwenye faida kubwa: nahesabu mpaka tatu, polepole, sijitupi. Mtu akijitupa kwenye kiti kila siku, ile nguvu ya kujizuia inakufa, na ndiyo hiyo hiyo inayohitajika kwenye kushuka ngazi. Nafanya mara kumi, napumzika, narudia. Dakika tano. Ukiona kumi ni rahisi, beba kitu kizito kifuani. Ukiona ni ngumu, weka mto mgumu juu ya kiti ili usishuke sana.

Kipimo chake pia kipo, kinatumika hospitalini: unahesabu umesimama mara ngapi kwa sekunde 30 bila mikono. Kwa umri wa 60 hadi 64, mwanamke aliye chini ya 12 na mwanamume aliye chini ya 14 wanahesabiwa kuwa chini ya wastani. Jipimeni leo usiku mlete majibu humu.

Bibi_Mwenye_Bustani:

Mwanangu nimejaribu sasa hivi nikiwa nimeshika simu mkono mmoja. Nina miaka 68. Nimepata saba, goti la kulia likaanza kulia kama mlango. Nilishaambiwa goti limesagika nisilichoshe. Sasa nikufuate wewe au nilipumzishe?

Mleta uzi:

Shikamoo mama. Kwanza hongera kwa kujaribu papo hapo na kuleta majibu ya kweli.

Goti kutoa mlio bila maumivu si shida. Goti lenye maumivu ya kusagika, kinyume na tulivyozoea kuambiana, linafaidika na mazoezi, na miongozo ya matibabu inaweka mazoezi mstari wa mbele pamoja na kupunguza uzito kwa mwenye uzito mkubwa. Sababu ni kwamba gegedu, ule utando mgumu na laini unaofunika ncha za mifupa gotini, halina mishipa ya damu. Linalishwa na ute wa ndani ya goti unaoingia na kutoka pale goti linapobanwa na kuachiwa. Goti lililopumzishwa miezi sita linakosa hicho chakula, na misuli ya paja inayolishika inasinyaa, mzigo wote unaangukia kwenye mfupa.

Yule mtaalamu wa mama alitupa kanuni nayoitumia mpaka leo: maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika mradi kesho yake asubuhi yawe yamerudi kama kawaida. Yakiamka makali zaidi, jana ulizidisha, punguza. Goti likivimba, likiwa la moto, likikwama au likikuachia ghafla, hapo muone daktari kabla ya kuendelea.

Mama anza na kiti kirefu zaidi, au kile chenye mto. Tano asubuhi, tano jioni. Usinifuate mimi wala usishindane na mtu humu.

Kijana_wa_Pembeni:

Naomba kuuliza bila kuharibu mada. Kichwa cha habari ni uzee. Mimi nina 33, mvi zimeanza na chini ya macho kumekunjamana. Kuna vidonge vya kurudisha ujana vinauzwa, wanasema vinaondoa sumu mwilini. Vipi hapo?

Mleta uzi:

Mdogo wangu, mvi kwa sehemu kubwa ni urithi. Si kipimo cha moyo wako wala miguu yako, kwa hiyo usizipotezee usingizi.

Ngozi ni suala lingine. Kinachozeesha ngozi haraka kuliko umri ni jua na sigara. Australia walifanya jaribio la miaka minne na nusu, matokeo yakatoka mwaka 2013: waliopaka mafuta ya kukinga jua kila siku ngozi yao ilionekana kuzeeka kwa kiasi cha asilimia 24 pungufu kuliko waliopaka walivyojisikia. Ngozi yenye weusi mwingi ina kinga yake ya asili na hukunjamana kwa kuchelewa, lakini madoa ya jua inayapata. Kofia pana ni msaada mkubwa na haihitaji mafundisho.

Vidonge. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nimeona wazee wakitumia akiba yao yote humo. Ini na figo ndizo zinazotoa sumu, saa 24, na hakuna kidonge cha ujana kilichothibitishwa kumrudisha binadamu nyuma. Na kitu kikiwa "asilia" haimaanishi hakidhuru. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya jaribio la Finland kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000. Baadhi walipewa beta-karotini, ile ile iliyomo kwenye karoti, kwa imani kwamba itawakinga na saratani ya mapafu. Waliopewa ndio waliopata saratani hiyo kwa wingi zaidi. Karoti haikuwa tatizo, tatizo ni kidonge chenye dozi kubwa. Kama daktari amekupima akaona umepungukiwa vitamini D au B12 au madini ya chuma, hiyo ni tiba, meza. Nje ya hapo, hiyo pesa nunua mayai.

Mpita_Njia:

Babu yangu alivuta sigara mpaka akafika 90, hakuwahi kufanya zoezi lolote. Haya mambo ni kudra tu wakuu.

Mleta uzi:

Mkuu, babu namheshimu na simpingi. Ila tunamkumbuka babu aliyefika 90, wenzake wa kijiweni waliovuta naye hawapo wa kusimulia.

Kuanzia mwaka 1951 madaktari wa Uingereza walifuatiliwa, Richard Doll ndiye aliyeongoza kazi hiyo, na matokeo ya miaka 50 yalitoka mwaka 2004. Waliovuta maisha yao yote walikufa kwa wastani miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Lakini sehemu ninayopenda kuirudia ni hii: aliyeacha akiwa na miaka 60 alirudishiwa kama miaka mitatu, aliyeacha na 50 sita, aliyeacha na 40 tisa. Hata mtu wa 60 bado ana kitu cha kuokoa.

Kuhusu kudra, nami naamini siku zangu anazijua Mungu. Siandiki ili mtu aongeze siku. Mama yangu alikuwa hai katika ile miezi minne baada ya kuanguka, alikuwa anapumua vizuri kabisa, na alikuwa ananiomba mimi mwanaye wa kiume nimpeleke msalani huku akifunika uso kwa kanga. Hilo ndilo ninalolipigania.

Bibi_Mwenye_Bustani:

Hapo kwenye kufunika uso umenigusa. Endelea mwanangu. Na chakula?

Mleta uzi:

Chakula mama nitakisema kwa upande mmoja tu, kwa sababu mengine (mboga, matunda, nafaka isiyokobolewa, kupunguza sukari na vya kukaanga) tunayajua hata kama hatuyafanyi.

Upande usiosemwa ni protini. Mzee anahitaji protini zaidi kuliko kijana, kwa sababu misuli yake inaitikia chakula kwa uvivu. Wataalamu wa lishe ya wazee wanashauri gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 tu, kwa hiyo ona mwenyewe. Kinachotokea ni kinyume: kadiri mtu anavyozeeka meno yanasumbua, hamu inapungua, anaishia wanga laini asubuhi na wanga laini jioni, na nyama au samaki anawaachia watoto. Mama yangu alikuwa hivyo. Tulianza na asubuhi: mayai mawili, au maharage yaliyopondwa, au maziwa mgando. Tukagawanya siku nzima badala ya kurundika jioni. Mwenye ugonjwa wa figo asinifuate hapa, aulize kwanza daktari wake.

Chumvi: chini ya gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na humo imo ile iliyojificha kwenye mkate na vyakula vya pakiti. Hii inatupeleka kwenye presha. Presha haiumi. Mtu anatembea na 160 kwa 100 miaka kumi anajisikia vizuri, mpaka siku ya kiharusi. 140 kwa 90 kwenda juu, ikipimwa zaidi ya siku moja, ni presha ya juu, na chini ya 120 kwa 80 ndiyo nzuri. Ukishavuka 40 pima angalau mara moja kwa mwaka, na sukari pia.

Na maji. Kiu hupungua kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo mzee asisubiri kiu.

Nesi_wa_Usiku:

Nafanya kazi wodini, nakuunga mkono mleta uzi, naomba niongeze kuhusu kuanguka maana ndiyo tunaowapokea. Wengi wanaanguka usiku wakienda msalani: wanainuka ghafla, presha inashuka, kizunguzungu, chini. Waambieni wazee wakae ukingoni mwa kitanda kwanza, wachezeshe nyayo, wahesabu mpaka ishirini, ndipo wasimame. Taa iwe karibu na mkono. Zulia dogo lililokunjamana liondoke. Na dawa za usingizi na baadhi ya dawa za presha zinachangia, kwa hiyo zile dawa zote anazomeza wekeni kwenye mfuko mmoja mpeleke kwa daktari azipitie. Msizikatishe wenyewe.

Mleta uzi:

Asante sana dada Nesi, ubarikiwe. Hiyo ya kuhesabu mpaka ishirini mama anaifanya kwa sauti, tunamsikia kutoka chumba cha pili.

Niongeze zoezi la kutoyumba. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa Brazil wa watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75. Waliombwa kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10, bila kushika kitu. Mmoja kati ya watano alishindwa. Katika miaka iliyofuata, walioshindwa walikuwa na hatari ya kufa kubwa zaidi kwa asilimia 84, hata baada ya kuzingatia umri, uzito na magonjwa waliyokuwa nayo. Kushindwa huko hakuui mtu. Ni kama taa ya kwenye dashibodi inayowaka, inakuambia fungua boneti. Mimi nasimama mguu mmoja nikipiga mswaki, mkono mmoja karibu na sinki. Mwezi wa kwanza sekunde nne. Sasa napiga mswaki mzima, nabadilisha mguu katikati.

Kijana_wa_Pembeni:

Nimejaribu, macho wazi nimeweza, nikifumba tu nayumba kama mlevi. Na ubongo je? Bibi yangu miguu ipo vizuri lakini anasahau hata majina yetu.

Mleta uzi:

Pole sana mdogo wangu. Huo ugonjwa wa kusahau unaumiza familia nzima, na si kila mara kuna mtu wa kulaumiwa.

Jopo la wataalamu la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ambayo kwa pamoja yanahusishwa na karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa huo duniani. Humo imo presha, kisukari, sigara, pombe kupita kiasi, kutofanya mazoezi, kolestero mbaya, kutengwa. Lakini ninachotaka kukisemea ni masikio.

Baba yangu mdogo alikuwa msemaji wa familia. Akaanza kukaa kimya kwenye vikao, anatabasamu tu, anaitikia kwa kichwa. Tukasema mzee ametulia, hekima imeingia. Baadaye akawa hatoki chumbani. Siku moja binti yake alimuuliza swali akiwa nyuma yake, akarudia mara tatu, akagundua hasikii. Miaka minne tumekaa na mtu asiyesikia tukidhani amekuwa mpole. Ubongo usiopokea maneno unapungukiwa kazi, na asiyesikia hujitenga kwa aibu ya kuuliza "umesemaje?" kila mara. Alipopata kifaa cha kusikia alilalamika wiki ya kwanza kwamba sahani zina kelele. Wiki ya tatu alikuwa anabishana. Mpimeni bibi masikio na macho, hata kama kumbukumbu imeshaanza kwenda. Hayatarudisha majina yote, lakini yatampunguzia giza.

Na msimwache peke yake. Chuo Kikuu cha Harvard kimefuatilia maisha ya kundi la watu tangu mwaka 1938, na jambo linalojirudia humo ni kwamba waliokuwa na mahusiano ya joto na watu wa karibu walizeeka wakiwa na afya nzuri zaidi.

Usingizi nitaupitia kwa haraka: saa saba hadi nane, na mzee haruhusiwi kuambiwa kwamba saa nne zinamtosha. Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini apimwe, maana hiyo inapandisha presha.

Mpita_Njia:

Mkuu nimejipima, nina 57. Kumi na moja kwa sekunde 30. Nilidhani niko fiti. Nimekubali. Swali la mwisho: faida yake inachukua muda gani kuonekana?

Mleta uzi:

Ahsante kwa ukweli wako mkuu, wengi wangenyamaza.

Wiki mbili hadi nne za kwanza nguvu inapanda hata kabla ya misuli kukua, kwa sababu ubongo unajifunza upya kuamsha nyuzi za misuli zilizolala. Misuli yenyewe huhitaji kama miezi miwili mitatu. Kwa mama ilikuwa hivi: wiki mbili za kwanza tulimshika kiunoni. Wiki ya sita alisimama mara tano kwenye kiti chenye mto. Mwezi wa nne tuliondoa mto. Sasa ana miaka 74 na juzi alipata kumi na moja, sawa na wewe.

Na usiogope kwamba umechelewa. Mfaransa Robert Marchand, aliyezaliwa mwaka 1911, aliendesha baiskeli kwa saa moja akiwa na miaka zaidi ya 100 akapata kilomita 24.25. Akafanya mazoezi chini ya uangalizi wa wanasayansi, na mwaka 2014, akiwa na 102, akapata kilomita 26.9 kwa saa. Aliongeza mwendo. Alifariki mwaka 2021 akiwa na 109.

Binti_Mkubwa:

Nimechelewa kuingia ila nimesoma yote. Baba yangu ana 82, anatembea na mkongojo, ukimtajia mazoezi anafoka, anasema hayo ni ya watoto. Naanzia wapi? Na kiti gani kinafaa?

Mleta uzi:

Dada yangu, usitaje neno mazoezi kabisa. Kwanza apimwe presha na daktari athibitishe moyo uko sawa. Halafu mwambie hivi: kila akiinuka kwenda mahali, asimame, aketi tena, kisha ndipo asimame aende. Mara mbili badala ya moja, basi. Mzee anainuka mara kumi kwa siku, hapo ameshafanya ishirini bila kufoka. Mwombe pia kazi ya kweli ya nyumbani inayomlazimu kusimama, kisha muache aifanye polepole bila kumpokonya. Sisi tulikosea hapo kwa mama. Tulimpokonya kila kitu kwa upendo.

Kiti: cha mbao au chuma, kisicho na magurudumu, chenye mikono ya kushika kwa siku za mwanzo. Kimo chake, akiketi, mapaja yawe sambamba na sakafu au magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Mgongo wa kiti uegemee ukuta ili kisirudi nyuma. Wewe simama pembeni yake upande wa mguu dhaifu, mkono wako karibu na kiuno chake bila kumvuta. Viatu avae vyenye soli isiyoteleza, au abaki peku. Soksi peke yake juu ya sakafu laini, hapana.